Ngeli za Kongamano: Jaribio la Kuainisha Wajasiriamali Wadogo Wakiwa Ukumbini

Usuli wa tatizo

Wilhelm Bleek alipochapisha sarufi yake linganishi mwaka 1862, na Carl Meinhof alipokuja baadaye kuzipanga ngeli za lugha za Kibantu kwa namba, wote wawili walishughulika na nomino zilizotulia: mtu, mti, kitu, jicho. Hakuna hata mmoja wao aliyepata kuingia ukumbini saa nne asubuhi, kwenye kongamano lililotangazwa kuanza saa mbili kamili, akakuta viti vimevalishwa vitambaa vyeupe na riboni za dhahabu zilizobaki kwenye harusi ya jana, na washiriki wachache waliowahi wamejibana mistari ya nyuma kama wanafunzi wanaodaiwa ada. Pengo hilo la kitaaluma ndilo makala hii inakusudia kuliziba.

Tume ya utafiti ilikuwa na mjumbe mmoja, ambaye pia alikuwa katibu na mweka hazina. Ilijifunga kwenye aina moja tu ya mkusanyiko: kongamano la siku moja la wajasiriamali wadogo jijini Dar es Salaam, lenye ukumbi wa kukodi, mdhamini wa benki na mdhamini wa kampuni ya simu, na maji ya chupa ndogo zinazoisha kabla ya mada ya kwanza. Mikutano mikubwa ya Kituo cha Julius Nyerere au AICC Arusha ina wataalamu wake. Sabasaba nayo tumeiacha, kwa kuwa pale mtu huenda kuuza na kununua, na watu wa namna hiyo hawahitaji nadharia.

Kwanza tufasili. Sera ya taifa ya mwaka 2003 inasema biashara ndogo kabisa ni ile yenye watu 1 hadi 4 na mtaji usiozidi shilingi milioni 5, na biashara ndogo ina wafanyakazi 5 hadi 49 na mtaji usiozidi milioni 200. Hayo ni makundi mawili yaliyoachana sana. Lakini aliyeandika beji mlangoni hakuisoma sera. Anayekaanga karanga na mdogo wake jikoni Mbagala na mwenye kiwanda cha matofali chenye vijana arobaini na lori wote wamening'iniza shingoni kadi ileile: MJASIRIAMALI. Mfasili kafasili, mwandika beji kafuta.

Ngeli ya A-WA

Hii ni ngeli ya wenye uhai, na hapa data ni nyingi kuliko zote.

Sarufi inatuonya mapema kuhusu kigogo. Kwa umbo ni wa KI-VI, kwa upatanisho ni wa A-WA. Tunasema kigogo amefika. Ukisikia watu wanasema kimefika, jua uchaguzi umepita. Kigogo wa siku huitwa mgeni rasmi, na sifa yake kuu ya kibayolojia ni kwamba haji. Huwakilishwa. Aliyetumwa kumwakilisha naye hubanwa na majukumu, akamtuma mwingine, hadi hotuba inafika mikononi mwa kijana wa ofisini anayeiona kwa mara ya kwanza pamoja nasi. Tume ilimshuhudia mmoja, umri wake hata thelathini bado, akisoma kwa sauti thabiti: "Nilipokuwa mkuu wa wilaya miaka kumi na tano iliyopita." Hakuna aliyecheka. Zilikuwa zimeshatumika dakika nyingi kutaja waliopo kwa vyeo vyao, mmoja baada ya mwingine, na mwishoni ikatangazwa kwamba itifaki imezingatiwa.

Anayefuata ni mhamasishaji. Suti yake ni ya buluu, kipaza sauti chake hakina waya, naye hapandi jukwaani bila kutuuliza kama tumeamka. Biashara iliyomtajirisha ni ya kutufundisha biashara, na ushahidi ni kitabu chake kinachouzwa pale nje kwa bei ya kongamano. Katika kila mada ya mhamasishaji kuna Said Salim Bakhresa. Simulizi huanza na mgahawa mdogo wa Dar es Salaam miaka ya 1970 na kuishia kwenye viwanda vya unga, boti za Zanzibar na televisheni, na kati ya mgahawa na boti kuna neno moja tu: uthubutu. Sina ugomvi na mzee Bakhresa, ambaye hakuomba kuwa mfano. Ugomvi wangu ni na ile nafasi ya katikati. Mtu mwenye mgahawa mdogo leo hii angependa kujua unga ulinunuliwa kwa mkopo wa nani, nani alikopeshwa mikate akakimbia, na lini ilibainika kwamba faida iko kwenye kusaga kuliko kupika. Hayo ndiyo mafunzo, nayo ndiyo yasiyosimuliwa, maana hayapigiwi makofi. Wengine waliouza chakula miaka hiyohiyo, wakathubutu vilevile, wakafilisika, hawajawahi kualikwa kutoa mada.

Mshiriki wa kudumu tumpite haraka. Hana biashara, ana faili. Anajua kongamano lipi lina nauli, lipi lina chakula bila nauli, na lipi lina fulana. Karatasi ya mahudhurio huisaini kwa mwandiko mzuri kuliko wa mwandaaji.

Tukae kidogo kwa mgawa kadi, kwa sababu kosa lake lina mafunzo. Huyu amesoma vitabu vya Kimarekani vinavyofundisha kwamba ukikutana na mtu kwenye lifti uwe na maneno ya nusu dakika ya kujieleza wewe ni nani, unauza nini, unatatua tatizo gani. Anakuja moja kwa moja, anaanza na jina la kampuni, anaacha kadi mkononi mwako, anahamia kwa jirani yako. Kufika saa sita ameshagawa zote. Kufika saa saba utaziona mezani, chini ya vikombe.

Tatizo la hesabu yake ni kwamba hapa kwetu nusu dakika haijatosha hata salamu. Habari za asubuhi, za kwako, za nyumbani, watoto hawajambo, poleni na foleni ya Mwenge. Mwenye haraka anaona muda unapotea. Mtafiti makini anaona kwamba hapo ndipo kazi yote inafanyika. Baada ya salamu huja swali ambalo kwenye vitabu vya lifti halimo: "Kwenu hasa ni wapi?" Na baada ya jibu, Mungu akijalia, utani. Mmoja akiwa Mpare na mwingine Mchaga, dakika tano zijazo zimeshajazwa: wamekwisha kuitana wabahili, wamekumbushana nani alimuuzia nani ng'ombe mgonjwa, na mwenye duka la vifaa vya ujenzi amekwisha kumwambia mwenye kiwanda cha matofali kwamba bei yake ni ya kitapeli kama ilivyotarajiwa kwa watu wa kwao, lakini alete tripu moja waone.

Wanazuoni wa jambo hili wapo. Radcliffe-Brown aliandika kuhusu utani mwaka 1940, na Moreau mwaka 1944 akaandika kuhusu utani wa hapahapa Tanganyika. Maelezo yanayokubalika na wengi yanauhusisha utani wa Wanyamwezi na watu wa pwani na safari za misafara. Mpagazi aliyeugua njiani Uzaramo, mbali na ndugu zake, alihitaji mtu wa kumpa uji, na akifa, mtu wa kumzika. Mtani ndiye aliyepewa wajibu huo, pamoja na haki ya kumtukana. Kwa maneno mengine, wapagazi wa karne ya 19 walikuwa na utaratibu wa kumfanya mgeni kamili awe mtu wa kumtegemea ndani ya mazungumzo mafupi, bila beji na bila mdhamini. Mgawa kadi anaye mtani wake humu ukumbini, pengine watani kumi. Hajawahi kuuliza.

Ngeli ya KI-VI

Vitu. Kibegi cha kitambaa, kitambulisho, kipeperushi cha benki chenye picha ya mama anayecheka na simu, cheti cha ushiriki ambacho jina lako limekosewa herufi moja, kijitabu na kalamu. Kijitabu ndicho kinachostahili uchunguzi. Ukikiokota baada ya mwezi utakuta kurasa mbili za kwanza zimeandikwa kwa bidii, ya tatu ina namba ya simu bila jina, na zilizobaki mtoto amechora magari.

Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe (sampuli ya mtu mmoja, kama tume yetu) ya kukariri silabi zisizo na maana. Baada ya saa moja zaidi ya nusu ya alichojifunza ilikuwa imempotea, na baada ya siku moja takriban theluthi mbili. Hakubahatika kupimwa kwa mada ya "Fikra Bunifu katika Uchumi Jumuishi", ila silabi alizotumia zilikuwa za jamii hiyohiyo.

Ngeli ya I-ZI, na ile ya U

Nomino za I-ZI hazibadiliki kati ya umoja na wingi, na makongamano yanazipenda kwa sababu hiyohiyo. Mtoa mada akisema "kuna fursa kwenye kilimo", huwezi kujua ni fursa moja au elfu. Changamoto nayo ni ya ngeli hii. Kutokana na ukweli huu wa kisarufi, wahamasishaji wamekata shauri kwamba changamoto ni fursa, na mpaka sasa hakuna mfanyabiashara aliyenyang'anywa meza na mgambo aliyepewa nafasi ya kupinga.

Ngeli ya U ina ujasiriamali, uthubutu, uwezeshaji, ujumuishi. Havihesabiki. Kisichohesabika hakikaguliki. Tuendelee.

Ngeli ya U-I na ile ya LI-YA, zikiwa zimegongana

Mkopo, mikopo. Afisa wa halmashauri anasimama kueleza ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayotengwa kwa mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Ni maelezo mazuri, ya kueleweka, na ndiyo pekee ya asubuhi nzima yenye tarakimu. Ndipo mshereheshaji, yuleyule wa harusi ya jana, anapofungua uwanja wa maswali, na hapo inatokea hali ambayo tume iliikuta kila mahali. Anayenyanyuka wa kwanza ni mwanamume wa makamo asiye na ulemavu, yaani mtu aliyeachwa nje ya zile asilimia zote tatu. Anasema: "Kwa majina naitwa," anajitambulisha yeye, mtaa wake na vyama vyake, kisha anasema: "Mimi sina swali, nina mchango." Mchango una vipengele vinne. Cha tatu kina vipengele vidogo.

Tulitaka kumcheka, lakini data inakataa. Akikaa, watu wawili wa mistari ya nyuma wanamfuata kumwomba namba. Ametaja mtaa, ametaja biashara, ametaja kinachomkera, sasa anafahamika. Wale wengine waliouliza maswali mazuri na mafupi walijibiwa, wakakaa, hakuna aliyewakumbuka.

Ngeli ya PA-KU-MU

Hapa ndipo penye uzito wa utafiti wetu. Wanasarufi wanafundisha kwamba pa ni mahali mahususi, ku ni upande wa jumla usio na mipaka, mu ni ndani. Waandaaji wa makongamano huelekeza bajeti yote kwenye mu: mle ukumbini, penye jukwaa, skrini na maua. Meza ni za duara, zimewekwa hivyo ili watu wafahamiane. Lakini watu huja na watu wao. Meza ya kwanza ni benki, ya pili ni kikundi cha kuweka na kukopa (VICOBA) cha Tandika, ya tatu ni akina mama wa usharika mmoja, na kila meza inaangalia ndani.

Hili si letu peke yetu. Mwaka 2007 Paul Ingram na Michael Morris wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, walichapisha utafiti wa hafla ya wafanyabiashara waliovalishwa beji za kielektroniki zilizorekodi nani anazungumza na nani. Kabla ya hafla karibu wote walisema nia yao ni kukutana na watu wapya. Kwa wastani, mgeni aliwajua tayari theluthi moja ya waliokuwepo. Akatumia karibu nusu ya muda wake na hao hao. Aliyekutana na wengi kuliko wote, kwa mujibu wa beji, alikuwa mhudumu wa baa.

Na wale wasiojuana wana faida gani? Mark Granovetter alilijibu hilo mwaka 1973. Alihoji watu wa kitongoji cha Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu. Kati ya 54, waliokuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara walikuwa 9 tu. Waliomwona mara chache walikuwa 30, na 15 walimwona mara moja kwa mwaka au pungufu. Sababu yake haina uchawi: rafiki yako wa kila siku anajua unachokijua. VICOBA cha Tandika kinanunua vifungashio kwa mtu yuleyule wa Kariakoo, kwa bei ileile, na kinalalamika kwa sauti moja.

Sasa twende pale penye chai. Foleni ya chai ni taasisi iliyodharauliwa mno na taaluma. Haiulizi unamjua nani. Inakuweka nyuma ya yeyote aliyetangulia, mkiwa na sahani mikononi, hamwezi kushika simu, na sambusa ziko mbali. Hapo tume ilisikia mambo ambayo hayakusemwa jukwaani siku nzima. Kwamba ukienda TBS, shirika la viwango, na barua ya utambulisho ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hupokewi kama aliyejiendea mwenyewe. Kwamba supamaketi ikikuuliza misimbo pau inataka ile inayoanza na 620, ya Tanzania, hivyo usichukue ya kukopeshwa na rafiki. Kwamba afisa fulani ukimpigia Ijumaa mchana hapokei. Haya yalisemwa na watu wenye midomo iliyojaa, bila slaidi.

Na pale mlangoni, palikuwa na mama wa siagi ya karanga. Amepewa meza ya nje kuonyesha bidhaa, na kwa kuwa hana wa kumwachia chupa zake hakuingia ukumbini hata mara moja. Hakumsikia mhamasishaji. Hakumsikia kijana aliyekuwa mkuu wa wilaya. Alichokosa kwa upande wa ratiba ni asilimia mia moja. Lakini kila aliyekwenda msalani alimpita, na kila aliyetoka kupokea simu alisimama kwake ili asionekane kasimama bure. Walionja kwa kijiti. Walimwuliza kuhusu kifuniko, maana kilikuwa kizuri, cha kubana, chenye karatasi ya ndani isiyovuja mafuta, na nusu ya watengeneza vyakula wa mji huu wanateswa na vifuniko vinavyovuja. Aliwaambia wote alikovitoa, kwa mtu mmoja Vingunguti, na kwamba ukijumuisha oda na wenzako bei inashuka. Hakuificha siri hiyo. Kwa hesabu zake, kadiri wanavyonunua wengi ndivyo naye anavyovipata kwa bei nafuu. Mada ya mchana kuhusu ushirikiano katika mnyororo wa thamani ilikuwa na slaidi nyingi na haikufika hapo.

Ngeli ya KU

Saa kumi yalisomwa maazimio. Kuimarisha mitandao ya wajasiriamali. Kuhamasisha matumizi ya teknolojia. Kuendelea kuboresha mazingira ya biashara. Kuwezesha upatikanaji wa masoko. Kila azimio ni kitenzi-jina, na kitenzi-jina, kama tulivyofundishwa darasa la sita, hakina nafsi wala wakati. Nani ataimarisha? Lini? Sarufi haidai jibu, na ndiyo maana hutumika. Mjumbe wa tume alipendekeza taratibu kwa jirani yake kwamba azimio la kwanza lisomeke "Mimi, fulani, nitampigia fulani Jumatatu." Jirani alidhani ni mzaha. Yakapitishwa kwa makofi, na picha ya pamoja ikachelewa nusu saa wakimsubiri mgeni rasmi, ambaye ilisahaulika kwamba hakuwepo.

Kiambatisho: ndani ya kundi

Mu nyingine iko kwenye simu. Kundi la WhatsApp la kongamano lilifunguliwa kabla ya chakula cha mchana, na tabia zake zimefuata hatua zinazotabirika. Siku ya kwanza ni salamu na picha, kila mtu akijitafuta kwenye picha. Wiki ya kwanza ni vipeperushi: mchele wa Kyela, mashuka, mashine za kukamua miwa, kozi ya mhamasishaji yenye punguzo. Wiki ya tatu matangazo yanajibiwa na matangazo. Kisha zinaingia video za asubuhi njema, dua, mistari ya Zaburi, na mchango wa rambirambi kwa mshiriki aliyefiwa na baba mkwe, ambao ulikuwa ndio ujumbe wa kwanza kulipiwa pesa mle ndani, na ulilipiwa vizuri. Watu wasiokumbuka sura ya mfiwa walituma elfu mbilimbili. Moreau angetikisa kichwa kwa kuelewa.

Katikati ya hayo, usiku mmoja, mtu wa pilipili za chupa aliandika: "Habarini wapendwa. Mwenye namba ya yule mama wa karanga aliyekuwa mlangoni? Nina shida na vifuniko." Walijibu wengi. Mmoja aliandika Amina, iliyokuwa ya dua ya juu. Afisa wa benki alituma kiungo cha kufungulia akaunti. Mwenye mchango wa vipengele vinne alishauri iundwe kamati ndogo ya vifuniko. Aliyekuwa na namba ni dada wa chai, ambaye aliunganishwa kwenye kundi kwa sababu siku ile kila mtu alimwachia namba yake ili abakishiwe sambusa. Aliituma pale pale, akaweka na jina la mtaa anaokaa yule mama, kisha akaongeza kwamba oda za vitafunwa vya vikao na misiba anapokea, mwisho saa mbili usiku, malipo nusu kwanza.